Deraya za Twala, Kichwa cha Meli

Mwaka 1885 mambo matatu yalifuatana, na kwa kawaida kila moja husimuliwa peke yake. Januari, kijana wa Kiskoti aitwaye Joseph Thomson alichapisha London kitabu cha safari yake ya kuvuka nchi ya Wamasai, na ndani yake Moshi na Mangi wake wana nafasi yao. Katikati ya mwaka, Mjerumani Karl Jühlke alipanda Kilimanjaro, akashuka na karatasi yenye alama ya Mangi Rindi wa Moshi, muda mfupi tu baada ya Jenerali Lloyd Mathews kupita hapo hapo na karatasi ya Sultani wa Zanzibar. Septemba, mwanasheria mmoja kijana, H. Rider Haggard, alitoa riwaya iitwayo King Solomon's Mines.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tunaijua riwaya hiyo kwa jina lingine: Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Frederick Johnson iliyotoka mwaka 1929. Wengi tumeisoma kama hadithi ya hazina. Mimi nadhani hazina ni kisingizio tu. Hii ni riwaya ya mashujaa wa zama za kati za Ulaya, wale wa deraya, shoka na kiapo, iliyohamishiwa Afrika. Na ukiisoma ukiwa Moshi, ukijua yaliyotokea hapa kati ya 1885 na 1900, inageuka kuwa kitabu kingine.

Taifa la reli lililoota farasi

Hebu tuanze na hao mashujaa wenyewe. Uingereza ya Malkia Victoria ilikuwa nchi ya reli, viwanda na moshi wa makaa ya mawe. Lakini ilikuwa inaota deraya. Walter Scott ndiye aliyewasha moto huo mapema, kwa riwaya yake ya Ivanhoe mwishoni mwa 1819. Mwaka 1839 tajiri mmoja wa Uskoti, Lodi wa Eglinton, aliandaa mashindano kamili ya mikuki juu ya farasi, watu wazima na akili zao wakivaa vyuma kama babu zao. Mvua ikanyesha mpaka uwanja ukawa tope, na wageni waheshimiwa wakafungua miamvuli. Ungedhani aibu ile ingemaliza ndoto. Wapi! Tennyson alitunga mashairi marefu juu ya Mfalme Arthur na watu wake, na Stevenson akatoa The Black Arrow mwaka 1888.

Mwaka 1891 ikaja ile ambayo wengi wanaihesabu kuwa kilele cha aina hiyo: The White Company ya Arthur Conan Doyle. Kijana aliyelelewa na watawa anatoka monasterini, anajiunga na kikosi cha wapiga upinde, na anavuka Ufaransa hadi Hispania nyuma ya Sir Nigel Loring, mzee mdogo wa umbo anayefunika jicho moja kwa kiapo mpaka atende tendo la kishujaa. Doyle mwenyewe aliziona riwaya zake za historia kuwa kazi bora kuliko Sherlock Holmes. Wasomaji hawakukubaliana naye, lakini hiyo ni habari nyingine.

Tatizo la waandishi hawa lilikuwa moja. Shujaa wa deraya hana kazi katika nchi yenye polisi, benki na ratiba ya treni. Ili apate nafasi ya kupigana, ama umrudishe nyuma miaka mia tano kama alivyofanya Doyle, ama umpeleke mbali kwenye nchi ambayo msomaji wa London haijui. Haggard alichagua njia ya pili. Alikuwa ameishi kusini mwa Afrika tangu 1875, akiwa na miaka 19. Inasimuliwa kwamba aliwekeana dau na kaka yake kuwa anaweza kuandika kitabu kisichopungua Treasure Island ya Stevenson, na akakimaliza kwa wiki sita hivi.

Deraya katika nchi ya Wakukuana

Sasa ukumbuke kisa. Wazungu watatu, yaani Allan Quatermain mwindaji, Sir Henry Curtis na Kapteni Good, wanavuka jangwa na milima yenye theluji. Wanafuatana na mtumishi aitwaye Umbopa. Wanafika nchi ya Wakukuana, inayotawaliwa na Twala, mfalme katili mwenye jicho moja, akishauriwa na bibi kizee Gagula. Huko inafichuka kwamba Umbopa ni Ignosi, mrithi halali wa kiti, na alama ya nyoka aliyochanjwa kiunoni inathibitisha. Vita vinapigwa. Twala anashindwa.

Angalia vifaa vyenyewe. Twala anawatumia wageni zawadi ya deraya tatu za vikuku vya chuma na mashoka ya vita. Sir Henry, jitu la nywele za dhahabu, anavaa deraya yake na kuingia vitani na shoka mkononi, na Quatermain anatuambia kuwa damu ya mababu zake wa kale imemwamkia. Mrithi aliyeporwa kiti anarudi kwa siri, kama Richard anavyorudi katika Ivanhoe. Twala akishashindwa anadai haki ya mfalme ya kufa akipigana, mtu kwa mtu, na anamchagua Sir Henry. Hiyo ni hukumu ya mapambano, sheria ya zama za kati za Ulaya. Pambano linaisha kwa shoka: kichwa cha Twala kinatoka mabegani, kinabingirika, kinasimama miguuni pa Ignosi.

Kuna hata binti wa kuokolewa. Foulata, msichana mzuri kuliko wote, anataka kuuawa kwa kafara. Wazungu wanamwokoa, naye anampenda Kapteni Good. Kwenye riwaya za mashujaa, binti aliyeokolewa huolewa. Hapa Haggard anakwama. Foulata anachomwa kisu na Gagula, na kabla hajakata roho anatiwa maneno mdomoni kwamba ni heri afe, kwa sababu jua na giza havioani. Kwa hiyo sheria zote za hadithi ya kishujaa zimevuka bahari salama, isipokuwa hiyo moja.

Miaka miwili baadaye, katika Allan Quatermain ya 1887, mwandishi alipata njia ya kulikwepa tatizo lake. Mashujaa wale wale wanaanzia Lamu, wanapanda mto Tana, wanapigana na Wamasai wakiwa wamevaa deraya zilizotoka Uingereza, kisha wanafika nchi iliyofichika ya Zu-Vendi. Huko kuna jumba la kifalme la mawe, ngazi kubwa, malkia wawili wanaogombana na askari wapanda farasi. Na watu wake ni weupe. Sir Henry anamwoa malkia mmoja na kuwa mfalme. Hakuna anayelazimika kufa ili ndoa isifungwe.

Mfalme mwenye jicho moja

Ndani ya Allan Quatermain Haggard anamshukuru Thomson waziwazi: anasema mambo mengi juu ya watu wa pande hizi ameyatoa kwenye kitabu chake. Wasomaji wa wakati huo waliona pia kitu katika Mashimo. Thomson alijipatia sifa ya uganga mbele ya Wamasai kwa kuchomoa meno yake mawili ya bandia. Kapteni Good naye anawatisha Wakukuana kwa meno ya bandia. Siwezi kuapa kwamba moja limezaa lingine. Lakini wote wawili walikuwa wakiiuzia London Afrika ile ile, ya Mzungu mwenye mwujiza mfukoni.

Tumfuate Thomson mpaka Moshi basi. Mwaka 1883, akiwa na miaka 25, alifika kwa Mangi Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara. Moshi ya wakati ule si mji huu wa stendi na soko. Ni Old Moshi, juu kwenye migomba, mahali ambapo asubuhi ukitoka nje Kibo iko mbele yako bila nyaya za umeme katikati. Rindi alikuwa mtu mrefu, mwerevu, mzungumzaji, na alikuwa na jicho moja tu linaloona.

Ndiyo, jicho moja, kama Twala. Sitaki kulifanya hilo ushahidi, maana wafalme wenye jicho moja wamejaa kwenye hadithi za dunia nzima. Nimelitaja kwa sababu linatupa nafasi ya kuwaweka wawili hao bega kwa bega, na tofauti inajitokeza mara moja. Twala ni katili, basi. Hana siasa, hana biashara, hana jirani. Rindi alikuwa na vyote. Misafara ya pwani ilipita kwake, akauza pembe na, lazima tuseme, akauza watu. Zawadi za Thomson hazikumridhisha, na mgeni akalazimika kuongeza mpaka katika vitu vyake mwenyewe. Mwaka 1889 alituma wajumbe wake mpaka Berlin kwa Kaisari, na zawadi ya pembe. Alikuwa anawapima Waingereza, Wajerumani na Sultani, kila mmoja kwa faida yake.

Na kama ni ngome ulizokuwa unatafuta, zilikuwepo. Magharibi ya Moshi, Kibosho, Mangi Sina alikuwa na boma lenye kuta za mawe, na alikuwa hasimu mkubwa wa Rindi. Wachaga walichimba mahandaki ya kujificha na mifugo yao wakati wa vita. Nchi ndogo ndogo kwenye mteremko mmoja, kila moja na Mangi wake, zikipigana, zikioana, zikilipana kodi ya ng'ombe, zikisaliti na kupatana. Mtu aliyelelewa na Ivanhoe angepaswa kuitambua picha hiyo mara moja. Februari 1891 Wissmann alipolishambulia boma la Sina, alikuwa na wapiganaji wa Rindi upande wake. Ugomvi wa kale wa majirani wawili ulitumiwa na mgeni wa tatu, kama ilivyotokea katika kila nchi ya mabwana wadogo, Ulaya ikiwemo.

Lakini Haggard hakuhitaji ufalme wa namna hiyo. Alihitaji barabara kuu ya mawe na mashimo ya almasi, na alipoulizwa ni nani aliyejenga, riwaya ikajibu: Sulemani na Wafoeniki wake. Mwafrika analinda hazina asiyoijua thamani yake. Hadithi hiyo hiyo ilisimuliwa juu ya magofu ya Great Zimbabwe. Na hapa kuna ajali ya kalenda ninayoipenda: mwaka 1929, mwaka ule ule Mashimo ya Mfalme Sulemani yalipotoka kwa Kiswahili, mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson alikuwa Great Zimbabwe akichimba, na akahitimisha kwamba magofu yale ni kazi ya Waafrika wenyewe. Msomaji wa Tanganyika alipewa uongo kwa lugha yake mwaka ule ule ukweli ulipokuwa unafukuliwa.

Mfalme anafunga mlango

Kuna ukurasa karibu na mwisho wa Mashimo ambao watu huupita haraka, maana hamu ni kujua kama mashujaa watafika nyumbani. Ignosi, sasa mfalme, anaagana na rafiki zake. Anawaambia kwamba hatamruhusu Mzungu mwingine kuvuka ile milima. Hataki wafanyabiashara na bunduki zao na pombe yao kali. Hataki wahubiri. Akija mmoja atamrudisha. Wakija jeshi atapigana nao. Quatermain anasikiliza, na kitabu hakimpingi. Katika Allan Quatermain jambo hilo linarudiwa: Sir Henry mwenyewe, akishakuwa mfalme wa Zu-Vendi, anaamua kuifunga nchi yake isiingiliwe na wageni, baruti zao na simu zao za waya.

Kwa msomaji wa London hii ilikuwa njia safi ya kumaliza ndoto. Mlango ukifungwa, nchi ya mashujaa inabaki ilivyo.

Moshi, mtu alijaribu kuufunga mlango huo kweli. Rindi alifariki mwaka 1891, akarithiwa na mwanawe Meli, kijana bado. Juni 1892 Wajerumani walimjia kwa jeshi. Meli aliwashinda. Kamanda wao, von Bülow, alikufa kwa majeraha, na waliobaki wakaondoka. Kwa mwaka mmoja hivi Moshi ilikuwa na mfalme aliyesema hapana, na hapana yake ikasimama. Agosti 1893 gavana von Schele alirudi na nguvu kubwa zaidi. Meli akashindwa, akabaki Mangi chini ya bendera ya wengine, huku majirani, Marealle wa Marangu akiwa mbele yao, wakiijua njia ya kuongea na Wajerumani kuliko yeye.

Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa Old Moshi, kwa tuhuma ya kupanga uasi. Alinyongwa pamoja na wengine, jumla watu 19, wakiwemo Mangi Ngalami wa Siha na Mangi Molelia wa Kibosho, mtoto wa yule Sina aliyekuwa hasimu wa baba yake. Watoto wa mahasimu wawili, kamba moja. Hakuna aliyedai haki ya kufa akipigana mtu kwa mtu. Hukumu ya mapambano ilikuwa ya kwenye vitabu.

Wazee wa Old Moshi wanasema kichwa chake kilikatwa, kikapelekwa Ujerumani. Nimepanda huko mara kadhaa kikazi, nikafika kwenye mti wanaoonyesha kuwa ndio wa siku ile, na sanamu ya Meli ipo hapo karibu. Mjukuu wake, Mzee Isaria Meli, alitumia miaka mingi akidai kichwa cha babu yake. Septemba 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya DNA vimeyaunganisha baadhi ya mafuvu yaliyo kwenye maghala yake na familia zilizo hai hapa Tanzania. Kichwa cha Meli hakikuwa kati yao.

Kwa hiyo nikisoma kichwa cha Twala kikibingirika, siwezi tena kusoma kama nilivyosoma nikiwa na miaka kumi na miwili. Katika riwaya kichwa kinasimama miguuni pa mfalme mpya, wa damu ya nchi ile, na mambo yanaendelea. Hapa kichwa kilitiwa kwenye sanduku.

Nani alitaka kuwa Quatermain?

Frederick Johnson aliyeitafsiri riwaya hakuwa mtu wa pembeni. Alikuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyosanifisha Kiswahili tunachoandikia leo, na kamusi yetu ya mwaka 1939 imebeba kazi yake. Alitafsiri pia Kisiwa Chenye Hazina. Vitabu hivyo vilikwenda shuleni wakati riwaya zilizoandikwa na Waswahili wenyewe zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Vizazi vizima vilijifunza jinsi riwaya inavyotembea, jinsi ya kuchelewesha siri na kumaliza sura mahali ambapo huwezi kufunga kitabu, kutoka kwa Haggard katika Kiswahili cha Johnson. Mpaka leo bibi akiwa mkali kupita kiasi, kuna mjukuu atamwita Gagula, hata kama hajui jina limetoka wapi.

Je, walilishwa dharau tu? Nilimuuliza swali hili mwalimu mstaafu mmoja wa huku mlimani, aliyekisoma kitabu hicho shuleni.

"Shikamoo, mwalimu. Mlipokuwa mnasoma Mashimo, mlitaka kuwa nani?"

"Marahaba, mwanangu. Sote tulitaka kuwa Umbopa."

"Si Quatermain?"

Alicheka. "Quatermain anaogopa kila ukurasa, anasema mwenyewe. Tutake kuwa mwoga kwa nini? Umbopa anabeba mizigo yao, ananyamaza. Halafu siku moja anavua nguo, kumbe ni mfalme. Sisi tulikuwa tunawabebea watu mizigo, mwanangu. Hicho kitabu tulikielewa vizuri sana."

Nimelifikiria jibu hilo kuliko makala zote za uhakiki nilizosoma chuoni. Haggard aliwaandikia wavulana wa Uingereza waliotaka kuvaa deraya. Mvulana wa mlimani aliipita deraya bila kuiangalia, akaenda moja kwa moja kwa mtu pekee ndani ya kitabu aliyefanana na hali yake: mrithi aliyevaa sura ya mtumishi, akisubiri wakati wake.

Ndiyo maana sijiungi na wanaosema Mashimo yatupwe. Ni kitabu kinachosomeka, Kiswahili chake kimepangika, na kurasa za vita bado zinakimbiza moyo. Lakini kisisomwe peke yake. Mwalimu anayekipeleka darasani Kilimanjaro na akipeleke pamoja na habari za Rindi, Sina na Meli, na awaachie wanafunzi wagundue wenyewe ni yupi aliyekuwa na ngome ya kweli. Na mwandishi wa Kiswahili anayetafuta kisa cha mashujaa, wivu wa majirani, hila, ushindi wa mwaka mmoja na gharama yake, hana haja ya kuvuka jangwa. Apande daladala ya kwenda Old Moshi, ashuke aulize njia ya kwenye mti. Ignosi alipewa na mwandishi wake nguvu ya kufunga mlango. Meli hakuwa na mwandishi. Alikuwa na watu wake, na mwaka mmoja.